Shimo Lililofunikwa Nyasi

Asubuhi hiyo nilitoka Kolwezi bila kujua naenda wapi. Kwenye njia ya Mutshatsha lori tupu lililokuwa likienda kuchukua makaa lilipunguza mwendo, nikapanda. Shule niliiacha mapema. Barabara sijaiacha kamwe.

Springi ya lori ikakatika njiani. Nikaendelea kwa miguu mpaka niliposikia makelele ndani ya shamba la mihogo. Vijana watatu wachimbaji, tochi vichwani mchana kweupe, walimkabili mama mwenye jembe. Nyuma yake palikuwa na shimo lililofunikwa nyasi.

“Mama, batu banawaona,” alisema mmoja wao. “Munaleta mifuko, munafunika shimo. Kobalti iko pale.”

“Ile ni mbolea ya siye bote, batoto. Majani na mavi ya mbuzi.”

“Mavi munafunika?”

Kosa lao nililielewa, maana nami nimechimba. Kwetu shimo lililofunikwa ni siri, na mfuko wa nailoni ni wa mawe ya madini. Kumbe wakulima hawa walikuwa wameacha kuchoma majani, wakaacha pia kununua mbolea ya dukani. Kila nyumba ilileta takataka zake hapo zioze, na nyasi zilikinga jua la kiangazi. Lakini shamba la jirani lilikwisha hivyo hivyo: uvumi kwanza, sepetu baadaye, mihogo ikang’olewa ikiwa michanga. Mama alilijua hilo.

Akavuta nyasi kando. “Weye mwenye macho, ingia!”

Kijana akaruka, akazama hadi magotini. Harufu ikapanda na mvuke. Akapapasa, akainua mkono: maganda ya mihogo na funza wanene.

“Eh, patron! Tani ngapi?” mmoja wa wanawake waliokuwa wakilima akamrushia maneno kutoka kwenye matuta. “Ita negosian wa kununua mawe akuye kupima!”

Wanawake wenzake wakaangua kicheko. Kijana akatoka amevimba kwa hasira.

“Kesho tutachimba chini zaidi. Chini ya mavi jiwe linaweza kuwa.”

Mama hakucheka. “Hata kama liko, apa hamutachimba. Mukishatoa jiwe, mutapanda nini? Kuyeni kesho. Mutatukuta bote.”

Wanawake wakashuka kutoka kwenye matuta, wakalizunguka shimo na majembe yao. Vijana wakaenda zao, yule mmoja akifuta miguu kwenye majani.

Sikuweza kuondoka. Niliuliza majivu yaliyonyunyizwa shimoni ni ya nini, kwa nini maganda yasitupwe tu shambani, mbolea huiva lini. Mama alijibu, akajibu, kisha akachoka.

“Weye unauliza kama polisi. Unalala wapi?”

“Sijui, mama.”

“Uko na mugongo wa kazi?”

“Niko nao.”

“Basi lala apa. Kesho tuko na lazima ya batu ba kusimama na siye ku shimo.”

Akanifungulia kibanda cha mbegu, hatua chache kutoka shimoni, akanipa mkeka na jembe la ziada. Ndani kulikuwa na nafasi ya kutosha kati ya mahindi na maharage. Hata hivyo nikautandika mkeka mlangoni, nilipoweza kuliona shimo, jembe kando yangu.