Makangaga ya Ngazini

Kamati ya Wakazi, baada ya kikao kirefu na chai ya kutosha, iliwatangazia watu wote kwamba kuanzia siku hiyo ngazi za jengo zingekuwa safi, huru, na zisizo na vyungu vya maua vya aina yoyote ile. Tangazo lilipigwa muhuri. Muhuri ni kitu kizito. Hata kosa likipigwa muhuri husimama wima.

Jengo zima lilikuwa na mwenye vyungu mmoja tu: fundi cherehani wa ghorofa ya pili, mjane, aitwaye Mama Pindo kwa sababu hajawahi kumrudishia mtu nguo yenye pindo lililokwenda upande. Chumbani kwake jua huingia asubuhi na kutoka jioni, kama mwajiriwa. Makangaga yake, mimea ya kivulini, hayalitaki. Ni yale membamba, vikonyo vyeusi kama unywele, vijani laini kama vitambaa vinavyodondoka chini ya mkasi. Majirani huyaita nywele za bi harusi. Yakikosa maji hufa, yakitota hufa, yakiondolewa kivulini hununa kwanza ndipo yafe. Pahali palipoyafaa ni kona ya ngazi tu, penye kivuli na ubichi. Kuyatoa pale ilikuwa kuyaua, na yeye aliyalea tangu yakiwa kitawi kimoja alichokichomoa mtaroni, siku aliyotoka kumzika mumewe.

Mwenyekiti wa Kamati ni mdogo wa huyo marehemu. Alipanda ngazi mwenyewe.

"Shemeji, tangazo umelisoma?"

"Nimelisoma. Limeandikwa vizuri. Linanihusu nini?"

"Vyungu vya maua, shemeji!"

"Nionyeshe ua."

Mwenyekiti akainama, akapekua jani baada ya jani kama anayemtafuta chawa.

"Tafuta tu," alisema Mama Pindo. "Kangaga halitoi maua tangu dunia iumbwe. Labda lingoje kibali cha Kamati."

Tangazo la pili likasema "vyungu vya mimea". Mama Pindo aliliheshimu. Makangaga yakahamia kwenye birika la bati, sufuria lililotoboka na beseni lisilo na ukingo.

"Unanichezea shere, shemeji."

"Nisipokuchezea wewe nimchezee nani? Kaka yako alikufa akaniachia wewe. Mimi sheria naifuata neno kwa neno. Ninyi ndio mnaoiacha njiani."

La tatu, lililobandikwa ukutani pale pale konani, likataja "chombo chochote chenye mmea". Vibarua wawili wakaja na toroli, Mwenyekiti nyuma yao. Walimkuta Mama Pindo ameitoa cherehani pale konani, amekaa mbele ya makangaga, anashona.

"Tupishe, mama," alisema kibarua mmoja.

"Nitawapishaje na kazi mkononi? Hii suruali ni ya Mwenyekiti. Mpaka sasa ina mguu mmoja. Mkinihamisha, itabaki hivyo hivyo."

Vibarua wakamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama ukuta. Toroli likashuka tupu.

Suruali ikaisha, kwa kuwa Mama Pindo hajui kuharibu kazi hata ya adui. Alipotoka kupeleka sare za watu, makangaga yakapandishwa juu ya paa. Aliporudi jua lilikuwa limekwisha kutekeleza azimio.

Hakulia. Kesho yake asubuhi alitoka na kopo la maji, akaunyunyizia ukuta wa ile kona. Na kesho kutwa yake. Jirani akasema maskini, akili imemruka. Mwenyekiti akaja mbio.

"Shemeji, sasa unamwagilia ukuta?"

"Ukuta nao mmeukataza? Andikeni basi. Muhuri si mnao?"

Hawakuandika. Hata Kamati ina haya zake.

Kangaga halina mbegu. Lina vumbi tu chini ya majani, na vumbi huenda litakako. Msimu wa baridi ulipokwisha, kwenye ufa wa plasta, kiasi cha shibiri moja juu ya tangazo la tatu, vilichomoza vikonyo vyeusi vyenye vijani vidogo kuliko ukucha. Havina chombo.