Tulivyonyamaza kwa Mwinjilisti

Mei iliyopita nilipanda kwetu mlimani kwa pikipiki, na kiuno changu hakijanisamehe mpaka leo. Nilikwenda kwenye maandamano ya Bikira Maria pamoja na mjukuu wangu wa kike. Siku hizi sanamu ni ya saruji, inafungwa kamba nyuma ya pikapu, na kwaya ina vipaza sauti vya kuamsha Morogoro nzima. Tulikuwa tunaimba vizuri tu. Tulipofika kwenye migomba ya chini ya kanisa nikafunga mdomo ghafla, nikatembea kimya hatua kama mia, kisha nikaendelea kuimba. Mjukuu wangu akanishika mkono akidhani nimepatwa na kizunguzungu. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, kama nilivyomweleza yeye jioni ile tukimenya magimbi.

Enzi zile, miaka ya hamsini ikianza, kijiji chetu kizima kilikuwa cha Wakatoliki isipokuwa nyumba moja. Nyumba hiyo ilikuwa ya Mwinjilisti, Mlutheri wa kutoka mbali aliyeoa binti wa ukoo wetu akapewa sehemu ya kulima. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, koti halimtoki hata jua liwake vipi. Kabeji zake zilikuwa kubwa kuliko zetu sote, na jambo hilo liliwauma watu kuliko dini yake. Shamba lake lilipakana na la bibi yangu, na wawili hao walibishana mambo ya dini kila asubuhi ukungu haujaondoka, mmoja huku wa mpaka, mwingine kule, majembe mkononi, na wakimaliza wanapeana mbegu za njegere.

Tatizo lilikuwa njia. Kila Mei maandamano yalitoka kanisani kushuka mtoni, na njia pekee ilikatiza shamba la Mwinjilisti, ikapita mlangoni pake kabisa. Yeye hakukataa.

"Piteni, mama," alimwambia Bibi, aliyeongoza maandamano, "njia ni ya watu wote. Lakini nyimbo za kumwomba Mariamu ziishie kwenye migomba yangu. Hapa kwangu anaombwa Mungu peke yake."

Bibi akakubali. Basi ikawa hivyo kila mwaka: tunashuka tukiimba kwa nguvu, tukifika mgomba wa kwanza, kimya! Unasikia miguu tu na maji ya mfereji, na sisi watoto wenye vikapu vya maua tumeziba midomo kwa kicheko. Tukivuka mgomba wa mwisho, weee, hapo wimbo unalipuka! Mwinjilisti alikuwa anasimama mlangoni, kofia mkononi. Aliivua kwa heshima ya nani, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Sanamu yetu ilikuwa ya plasta, vazi lake limepakwa rangi ya samawati. Padri aliileta kutoka misheni kubwa, akamkabidhi Bibi kwa sharti moja: isilowe. Ikilowa itamomonyoka, na hatatupa nyingine. Bibi aliitunza kuliko alivyotutunza sisi wajukuu. Kile kitambaa chake cha kuifutia vumbi, mimi nilikatazwa hata kukigusa.

Mwaka ule, nikiwa na miaka tisa hivi, anga lilikuwa safi asubuhi. Tukashuka. Tukiwa katikati ya ukimya wetu, mvua ikatuangukia. Mvua ya kwetu haidondoki, inamwagwa. Wanawake wanne waliobeba machela ya sanamu wakasimama wasijue pa kwenda. Kanisa liko mbali juu, mto uko mbali chini, na nyumba ya karibu ni ile moja. Bibi akajitupa juu ya sanamu akaikumbatia, lakini Bibi mwenyewe alikuwa mwembamba. Nikaona maji ya samawati yanamtiririka mkononi. Nikaangua kilio.

Mwinjilisti alikuwa mlangoni. Aliitazama sanamu, akatutazama sisi. Hata mimi mtoto nilijua kwamba habari zingemfikia mchungaji wake kabla nguo zetu hazijakauka. Akasogea pembeni ya mlango.

"Mimi simwombi," akasema. "Lakini mama wa Bwana wangu hawezi kunyeshewa mlangoni pangu. Mwingizeni."

Jamani, tulivyojazana mle ndani! Mkewe akavua khanga ya mabegani, akaifunika sanamu kama unavyomfunika mgeni aliyelowa. Kiti chenye mgongo kilikuwa kimoja tu, cha Mwinjilisti. Sanamu ikakaa hapo, mwenye kiti akakaa juu ya kinu. Tukaletewa chai ya mchaichai na magimbi ya moto, na mabishano yakaanza palepale.

"Unamwabudu huyu," akasema Mwinjilisti.

"Simwabudu. Namwomba aniombee. Kwani juzi wewe hukuniomba nikuombee goti lako?"

"Wewe uko hai, mama."

"Na yeye yuko mbinguni na mwanawe, utasema amekufa?"

Mwinjilisti akakuna kidevu. "Mbona goti lenyewe halijapona?" akasema, na nyumba nzima ikacheka, Bibi akiwa wa kwanza.

Hakuna aliyebadili dini siku ile. Sanamu ilibaki na mchirizi mweupe kwenye vazi, na padri aliposimuliwa hakuichukua. Mei iliyofuata tulinyamaza kwenye migomba kama kawaida. Lakini njia ilikuwa imefagiwa, na nje ya mlango kilikuwepo kile kiti, kitupu, kimepanguswa.

"Mawingu ya huku siyaamini," alisema Mwinjilisti kabla hajaulizwa.

Kiti kilitolewa kila Mei mpaka alipofariki. Siku ya mazishi yake Bibi alituongoza wanawake na watoto wote, na hatukuimba hata wimbo mmoja wa Maria. Tuliimba za kwake.

Nyumba haipo tena, imebaki migomba. Sanamu ya saruji haiogopi mvua, haihitaji mlango wa mtu. Siwalaumu wenye vipaza sauti, hawajui wanapita kwa nani. Lakini nawakumbuka wale wawili, nawakumbuka sana. Mjukuu wangu alisikiliza, akacheka, akarudi kwenye simu yake, nami nikasema basi, nimemaliza mate bure.

Kesho yake tukashuka kwa miguu kwenda kupanda pikipiki kule chini, simu yake inapiga muziki kwa sauti ya juu. Tulipofika kwenye mgomba wa kwanza akaizima. Sikuwa nimemwambia neno. Tukapita, miguu yetu tu na maji ya mfereji, mpaka mgomba wa mwisho ukabaki nyuma. Akanigeukia.

"Sasa, Bibi?"

"Sasa," nikamwambia, tukaimba mpaka watu wa pikipiki wakageuka.