Kila Mkulima ni wa Kiegei

Leo hasira zimenipanda mpaka chai imenipoa mezani.

Bibi mmoja wa kata ya Nambilanje kaja ofisini kwetu hapa Ruangwa. Alijiandikisha kwenye tovuti yetu ili apate mbegu za ufuta. Tovuti ikamjibu akazichukulie Kiegei.

Kiegei ya Nachingwea, wilaya nyingine kabisa, jamani!

Kaenda na bodaboda, kakuta jina lake halipo kwenye daftari la wakulima wa huko.

Mwenzangu aliyetengeneza tovuti, bila hata shikamoo: "Bibi, ulijaza vibaya."

Nikafungua programu yenyewe. Kurasa zetu zote zinarithi ukurasa mmoja, tunauita mama. Mama anatakiwa atangulie, aweke jina la Kiegei la kushikilia nafasi tu, la kufutwa baadaye. Kisha ukurasa mtoto uweke kata halisi ya mkulima.

Huyu bwana kamtanguliza mtoto, mama kamweka mwisho! Kwa hiyo kila anachoandika mtoto, mama anakuja anakifuta, anaweka Kiegei.

Nikamwonyesha. Eti: "Mbona watu wa Kiegei hawajalalamika?"

Bibi akanigeukia taratibu: "Sasa mjukuu wangu, nihamie Kiegei?"

Mjibuni nyie.