Mama Wati na Kioo Kilichokataa Kulala

Jina la Mama Wati alibandikwa na wauguzi, naye hakulikataa. Kila mashine iliyoingia katika chumba chake nyuma ya zahanati, kilichokuwa zamani stoo ya mablanketi, kwanza aliipima inakula wati ngapi za umeme, ndipo amsalimie aliyeileta.

Wiki ile alikuwa na kompyuta mpakato kumi na mbili, kuukuu, alizozitia mfumo wa Linux kwa mkono wake. Wauguzi wa mzunguko walizibeba nyumba kwa nyumba kuanzia saa mbili asubuhi, lakini kufika saa saba mchana zote zilikuwa zimezima kwa kuishiwa chaji. Daktari mfawidhi alikwisha sema: Ijumaa ndiyo mwisho. Zisipofika saa tisa zikiwa zinawaka, zinarudi stoo, na watu warudie makaratasi. Wa kuyanakili makaratasi hayo kila jioni alikuwa dada yake Mama Wati, muuguzi, ambaye macho yalikwisha anza kumchokoza.

Alhamisi asubuhi Mama Wati akapata draiva mpya, yaani programu ya kuiendesha kadi inayochora picha kwenye kioo. Sifa yake ilikuwa moja: picha ikitulia kwenye kioo, kadi nayo inalala, haili umeme. Akaiweka, akachomoa chaji, akafungua kidirisha cha kuonyesha wati, akaketi mikono mapajani kama anayesubiri majibu ya mtihani. Wati saba nukta nne. Na kabla ya draiva ilikuwa saba nukta nne hiyo hiyo! Akazima, akawasha, akapangusa kioo kwa mkono wa shati. Haikubadilika.

Dada yake akaingia na vikombe viwili vya chai.

"Bado mnatazamana? Ndoa lini?"

"Dada, niache. Nangoja ilale."

"Na hizo namba zinazorukaruka hapo?"

"Ndizo zitakazoniambia kama imelala. Zinabadilika kila sekunde."

Dada akacheka mpaka chai ikamwagika. "We mdogo wangu! Wodini kwangu ukimwamsha mgonjwa kila sekunde kumuuliza kama kalala, nakutoa na viatu mkononi."

Mama Wati akakigeukia tena kioo. Namba zenyewe! Kila sekunde zilibadilika, na kila sekunde kadi ilikurupuka kuzichora upya. Asubuhi nzima alikuwa akipima usumbufu wake mwenyewe.

Akakifunga kidirisha mbiombio. Akaiagiza mashine iandike vipimo kimyakimya kwenye faili, akaacha fomu ya mgonjwa wazi kama wauguzi wafanyavyo, kisha akamvuta dada yake koridoni, maana hakuiamini mikono yake isiiguse mashine. Dakika ishirini walisimama pale, chai ikipoa, mmoja akimshika mwenzake asichungulie.

Waliporudi, faili likafunguka. Nne nukta sita. Nne nukta sita. Nne nukta saba.

"Betri itadumu masaa manane!" Mama Wati alipiga kelele. "Toa saa moja ya kuandikaandika, saba! Saba, dada!"

Hadi jioni mashine zote kumi na mbili zilikuwa na draiva mpya.

Ijumaa, dada yake akiwa mzungukoni na moja ya mashine hizo, Mama Wati aliifungia simu yake kwenye droo, asije akampigia kumuuliza kama bado inawaka. Saa tisa na dakika nne mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Dada alikuwa anahema, kompyuta iko wazi mikononi kama sinia, kioo kinang'aa.

"Asilimia sita! Mwite daktari!"

Mama Wati alikwisha toka mbio, ndara moja ikabaki mlangoni.