Jiko Lililochorwa Kutoka Darini

Kiangazi Judita Lenhart alipaka chokaa nyumba za watu, na majira ya baridi, mashamba yakifunikwa na theluji, alichora picha. Katika kijiji chao cha Waslovaki, kwenye tambarare za Banat, hilo halikumshangaza mtu. Kila mtaa ulikuwa na wachoraji, na wote walichora maboga, arusi na bata bukini. Wageni walikuja kwa mabasi kununua picha hizo, na kamati ya jumba la picha ilijua wanapenda nini.

Jumapili moja Judita alikwenda kutazama filamu kwenye ukumbi wa kijiji. Hadithi yenyewe aliisahau kabla hajafika nyumbani. Kilichomkaa kichwani ni kipande kimoja kifupi: familia inakula, na kamera iko juu darini, inawatazama. Watu wamekuwa visogo, mikono na sahani. Sahani zimetosha wote isipokuwa mke wa nyumba, na hakuna anayelitaja jambo hilo.

Judita akamkumbuka mama yake, aliyewalea wote akila wima kando ya jiko.

Akachora jikoni kwao hivyo hivyo, kutoka juu: upara wa baba, mabega ya kaka zake, sufuria ya kabichi, na pembeni fundo la kitambaa cha mama aliyeinamia jiko. Mlangoni akaweka bukini mmoja, shingo imepinda kama mkono wa birika.

Alipoipeleka kwa kamati, mwenyekiti Ondrej Hlavač, naye mchoraji, aliigeuza picha huku na huku.

"Nani anatutazama hapa? Nzi?"

Wajumbe wakacheka.

"Umeiba kwenye sinema, umekiri mwenyewe," Ondrej akaendelea, "na bukini umeniibia mimi. Shingo ile ni yangu, kila mtu anaijua."

"Nimeichukua kwako, mjomba, sikatai. Na wewe uliitoa wapi?"

Ondrej akakohoa. Mkewe, aliyekuwa akifuta vumbi madirishani, akajibu bila kugeuka: "Kwenye kalenda. Ile ya duka la mbegu."

Safari hii kicheko kilimwangukia Ondrej, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Sikiliza, binti. Chora watu kama watu, wenye nyuso. Mama yako mkalishe mezani. Ukifanya hivyo tutaitundika."

"Mama hakukaa."

"Basi nasi hatutundiki."

Siku ya maonyesho ya jumba la picha Judita aliitundika kwenye lango la nyumba yao, barabarani, mahali mabasi yanapopita. Wageni wengi waliinamisha vichwa upande, wakapita. Wanawake wa kijiji ndio waliosimama. Jirani yao, Mariena, alibaki mbele ya picha muda mrefu, kikapu mkononi.

"Huyu mimi," akasema.

"Ni mama yangu, shangazi."

"Mama yako hajapinda mgongo hivyo. Huyu mimi, nakwambia."

Mchana Ondrej akaja na wajumbe wawili. "Ishushe. Unatuaibisha mbele ya wageni."

"Lango ni letu."

"Utachora kutoka darini mpaka lini?"

"Mpaka mwende mkatazame filamu mkiwa macho, mjomba. Mnalala mara tu taa zikizimwa."

Mama yake alitoka na taulo mkononi kuona kelele za nini. Akaitazama picha kwa mara ya kwanza, maana Judita alikuwa ameificha hadi asubuhi ile, na mama hakuwa ametoka nje.

"Kweli nina kitambaa kile," akasema. Kisha akamgeukia Ondrej. "Iache. Mtoto hajasema uongo."

Akarudi ndani. Ondrej akavaa kofia yake, akaenda zake na watu wake.

Mwaka ule kamati haikumpokea, wala mwaka uliofuata. Judita aliendelea kupaka chokaa, akaenda kuona kila filamu iliyoletwa, nzuri na mbovu, akiketi safu ya mbele kabisa. Watu walipomuuliza anatafuta nini kwenye filamu za kijinga namna ile, alijibu kwamba hata mjinga huweza kuisimamisha kamera mahali pazuri. Akachora mavuno, akachora mazishi, na wanakijiji wakazoea kusimama langoni kwake kutafuta visogo vyao.