Uyoga Kuhalisha

Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia nakadiria maneno, nao hunitazama kama nimesema napima upepo kwa kisado. Basi inabidi nieleze. Una duka, na duka lako lina ukurasa mtandaoni. Unataka kujua watu wanaandika nini kwenye simu zao wakitafuta bidhaa kama yako. Wanaandika "asali mbichi" au "asali ya nyuki wadogo"? Na ni wengi kiasi gani kwa mwezi? Nina programu ya kukisia hayo, nailipia shingo upande, na kazi yangu ni kukaa chumbani kwangu hapa Tabora mjini nikichambua inachosema na kuamua kipi cha kuamini. Maana na yenyewe inakisia tu. Haimjui mtu, inajua maneno.

Msimu ule wa mvua mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja wa mjini, muuza asali, aliyeamua kuongeza uyoga mkavu kwenye biashara yake. Ukoo wake uko Tabora tangu enzi za misafara, na Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Alitaka kujua watu wanaulizia nini kuhusu uyoga. Nikafungua programu, nikachagua mkoa wetu, nikaenda kwenye sehemu ya maneno yanayopanda, yaani yale ambayo watu wameanza kuyauliza ghafla. Juu kabisa palikuwa na "uyoga kuhalisha." Chini yake, "uyoga mweupe kuhalisha." Programu, kwa ujuaji wake, ilikuwa imeyatia kwenye kundi moja na "kuhalalisha," pamoja na watu wanaotaka bangi ihalalishwe na wengine wanaouliza jinsi ya kuhalalisha nyumba iliyojengwa bila kibali.

Na mimi nikaona sawa tu. Nikajiambia patakuwa pametoka utaratibu mpya wa vibali vya kuuza uyoga, watu wanahangaika. Nikamwandikia mzee kwamba aweke ukurasa unaoeleza vibali, atapata wasomaji wengi. Nilijiona mjanja kweli siku hiyo.

Mzee akanipigia huku anacheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hebu niambie, nani Tabora hii anaomba kibali cha uyoga? Uyoga unaota wenyewe porini. Akaombe kibali kwa nani, kwa mchwa?"

"Ndivyo walivyoandika, mzee."

"Hebu nisomee walivyoandika. Neno kwa neno."

Nikasoma kwa sauti. "Uyoga kuhalisha." Na hapo hapo, ndani ya sauti yangu mwenyewe, nikaisikia ya mama yangu.

Mama anaishi Bukene, wilayani Nzega, mkulima, Mmoravia asiyekosa ibada, na hajawahi kutamka herufi R maishani mwake. Kwetu R haipo. Mama husema habali, balabala, biashala. Na mimi nilisema hivyo hivyo mpaka nilipoletwa kusoma mjini, ambako wenzangu walinicheka hadi wakashika mbavu kwa sababu nilisema "kalatasi." Nikajifunza R kwa hasira. Nikaipachika hata isikotakiwa, nikawa nasema "naenda kurara." Baadaye ikakaa sawa, na sikio langu likasahau kabisa kwamba kuna watu ambao tumbo likiwachafuka, wakaharisha, wao wanasema wanahalisha.

Uyoga kuharisha. Uyoga mweupe kuharisha.

"Binti, upo?" mzee aliuliza.

"Mzee, hawa watu hawatafuti kibali. Wanaharisha. Wamekula sumu."

Kicheko kikakatika. "Ya Rabi," akasema. "Na mama yako si wa huko Bukene, wanakosema hivyo?"

Nikakata simu. Nilikuwa nimekumbuka kwamba juzi yake tu mama alinipigia kunitamanisha. Goti lilimuuma, hakwenda porini mwenyewe kama kawaida yake, akanunua uyoga kwa akina mama wanaopanga mabeseni kando ya barabara. Alisema anaupika kwa karanga, na kwamba mimi huko mjini niendelee kula chipsi zangu. Tukacheka. Nikamwambia aniachie, naye akasema uyoga haumngojei mtu.

Nikampigia. Yule dada wa kwenye simu akaniambia namba haipatikani. Nikapiga tena, naye akarudia kwa sauti ile ile ya upole, na nakiri nilimtukana. Nikawa nabonyeza jina lisilo lake. Jamani, hofu ina ladha. Mdomo ulinikauka ukawa mchungu kama nimetafuna kidonge. Nilijiona nimefika Bukene, nimekuta mlango uko wazi, majirani wamekaa nje na hakuna anayetaka kunitazama usoni.

Kisha simu ikaita, ikapokelewa.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba. Habali za huko?"

"Mama, ule uyoga uliula?"

"Niliula, mtamu kweli. Lakini ulinitenda! Jana tangu alfajili nimehalisha na kutapika mpaka nikaona malaika. Sasa nimepona. Leo nimekunywa uji, nikaja shamba. Huku mtandao unasumbua."

Nikakaa sakafuni.

"Mama, nani aliandika kwenye simu yako? Uyoga kuhalisha?"

"Nani tena? Mimi! Si ulinifundisha mwenyewe Klismasi? Nilitaka kujua dawa. Ikaniletea wabunge wanabishana habali za bangi. Nikasema simu hii imelogwa, nikaizima."

Nikacheka. Nilicheka vibaya, kwa kwikwi, machozi yakinitoka, na yeye upande wa pili akacheka kwa kuwa mimi nacheka. Mama yangu mzima, anapalilia mpunga, anaisema simu. Huku tunacheka nikavuta kompyuta, nikaandika lile swali kwa R, "uyoga kuharisha," ili nimpe hiyo dawa aliyokosa.

Majibu yakaja. Nikasoma la kwanza, nikaacha kucheka. Lilisema kuna uyoga wa sumu ambao humfanya mtu atapike na kuharisha, halafu yote hukoma. Mtu hujisikia nafuu, hula, hurudi kwenye shughuli zake. Kumbe wakati huo ini linaharibika kimya kimya, na akija kuanguka tena huenda muda umeshapita. Nikasoma na la pili, lilisema hivyo hivyo. Ile nafuu niliyokuwa naishangilia ndiyo iliyokuwa imeandikwa pale kama dalili.

"Mama, toka shambani. Nenda hospitali Nzega. Sasa hivi."

"Nikamwambie daktali nini? Kwamba jana nilikuwa mgonjwa?"

"Mama, nenda!"

"Nimepona, mwanangu. Magugu haya nani atayang'oa?"

Nikamfokea. Mama yangu mzazi, nikamfokea kama nafukuza mbuzi kwenye bustani. Nikamwambia ni mbishi, hasikii, anataka kuniua kwa presha. Kisha akasema polepole, "Mimi si lika lako," akakata simu.

Nilipompigia tena hakupokea. Wala hakupokea mara iliyofuata. Nilijua yuko pale, jembe mkononi, amevimba kwa hasira, na ndani ya tumbo lake saa inakwenda. Sijawahi kuogopa vile. Nilizunguka chumba nikijisemea mwenyewe, nikampigia tena na tena, mpaka akapokea bila kusema neno.

Safari hii sikutumia Kiswahili. Nikasema Kinyamwezi cha nyumbani, nilichokuwa nimekitupa tangu nilipochekwa shuleni, kikanitoka kimekatikakatika kama mtoto anayejifunza. Nikamwambia naogopa. Sikusema nina wasiwasi wala nina mashaka. Nilimwambia naogopa atakufa kabla sijafika, na kwamba namwomba, kama ananipenda, aache jembe pale pale lilipo.

Nilisikia jembe likitua chini.

"Unaongea kama mgeni," akasema. "Haya. Nakwenda."

Jirani yake alikuwa anapeleka mpunga Nzega kwa gari lake, akampakia mbele. Mimi nikapanda basi. Njia nzima nilishika simu kwa mikono miwili. Tulipopita Isikizya mama alinipigia kuniambia wamesimama kubadilisha tairi, na sauti yake ilikuwa imepungua. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema amechoka tu. Mama yangu hajawahi kuniambia amechoka. Nikageukia dirishani ili abiria wenzangu wasinione, nikaanza kusali sala zote ninazozijua, hata ya kabla ya kula.

Nilimkuta kitandani, amewekewa dripu, anamlaumu jirani kwa kuliacha jembe lake shambani. Daktari, kijana mpole aliyeonekana hajalala vizuri, akanitoa nje. Alisema vipimo vya damu vinaonyesha ini limeguswa. Alisema tumewahi, ila hawezi kuniahidi kitu, tusubiri. Nikamuuliza tusubiri nini. Akasema tusubiri ini liamue.

Basi tukasubiri. Kesho yake macho ya mama yakawa ya njano. Akawa analala mchana, yeye asiyelala mchana hata akiwa na homa, na kila alipokawia kufumbua macho nilimshika mguu nione kama una joto. Alipoamka alinikuta nalia, akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna. Akasema basi nyamaza, unawasumbua wagonjwa.

Daktari alikuja kumuuliza alikula na nani. Alikula peke yake, tangu baba afariki anakula peke yake. Hapo nikakumbuka.

"Mama, uliandika pia 'uyoga mweupe'?"

"Hapana. Mimi niliandika mala moja, nikazima."

Daktari akanitazama. Nikamweleza kazi yangu na nilichokiona. Maneno hayapandi hivyo kwa kuulizwa na mtu mmoja mara moja, kuna wengine, nao wanaandika kama mama anavyoandika, nao watakuwa wanaletewa wabunge na bangi.

"Wako wapi?" akauliza.

"Sijui."

"Kijiji gani? Hata kata?"

"Inasema mkoa wa Tabora tu, daktari."

Hakunilaumu. Alikwenda kupiga simu kwenye zahanati za vijijini. Mimi nikampigia mzee wa asali, akaenda mwenyewe msikitini, tangazo likatolewa baada ya swala, naye akawasiliana na jamaa zake wenye maduka kwenye vituo vya reli. Mchungaji wa mama akatangaza kanisani. Kwenye ukurasa wa mzee nikaandika kwa herufi kubwa, UYOGA KUHALISHA: NENDA HOSPITALI HATA KAMA UMEPATA NAFUU, kwa L ile ile, ili atakayeuliza kwa lugha ya mama ajibiwe kwa lugha ya mama. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa niligeuka. Walikuja wajawazito, akaja mtu wa malaria, akaja aliyeangushwa na pikipiki. Wa uyoga hakuja.

Ini la mama likaamua kuishi. Daktari alileta vipimo huku anatabasamu, nami nikamkumbatia bila kumuomba ruhusa. Mama akaomba ugali.

Siku tuliyoruhusiwa, tukiwa tumekaa kwenye benchi kungoja gari, aliniambia nimwonyeshe hiyo programu inayowasikia watu. Nikaifungua kwenye simu. "Uyoga kuhalisha" haikuwa tena juu. Niliitafuta, nikaikuta imebaki mstari mdogo uliopanda, kisha ukaanguka ukalala chini. Nikamwekea kidole pale ulipoanguka.

"Huo ni wao?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Wamepona?"

"Inaonyesha wameacha kuuliza."

Mama akautazama ule mstari kwa muda, macho yake bado yana njano pembeni.

"Sijakuuliza hilo," akasema.