Mbio za Njia ya Ng'ombe

Vijana wakisikia kwamba nilikuwa mkimbiaji zamani za mkoloni, swali lao la kwanza huwa ni viatu. Nilivaa viatu gani? Ninawaona asubuhi wakipita Lanet kando ya barabara kuu, chupa ya maji mkononi, wakimeza moshi wa malori, kila mmoja na viatu vya rangi kama peremende. Wamechagua mahali pabaya kuliko pote pa kukimbilia, halafu wanataka kunifundisha mambo ya afya. Huwa nawajibu kwamba nilivaa miguu.

Nilikulia kwenye shamba la mzungu huko Kuresoi, juu kabisa, ambako hata mchana wa Januari mtu hukaa amejifunika. Baba alikuwa skwota, yaani alimfanyia mzungu kazi na kwa kazi hiyo akaruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kulisha ng'ombe wake. Mimi nilichunga, na ng'ombe ndio walionifundisha kukimbia. Sijapata mwalimu mwingine wa maana. Ng'ombe hana haja ya kuonyesha nguvu zake kwa mlima. Huukata kwa ubavuni, akizunguka taratibu, na ukifuata njia yake unafika juu ukiwa bado na pumzi ya kusalimia watu. Mzungu alichora barabara zake kwa rula, moja kwa moja mpaka kileleni, kisha mvua ikinyesha anatuma tuitwe kusukuma gari.

Mambo ya kujua hayakuwa mengi. Alfajiri nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, unamwinua ng'ombe na kusimama pale alipokuwa amelala mpaka vidole vipate uhai. Kama kuna kinyesi kibichi, unasimama ndani yake, na anayecheka hajawahi kuamka Kuresoi. Ukipanda, unafupisha hatua na kufunga mdomo. Ukiteremka, unalegeza magoti na kuuacha mlima ukubebe. Kwenye mianzi husimamii kisigino, kwa sababu majani yake yakilowa huteleza kama sabuni. Na kwa kuwa ilikuwa miaka ya emajensi, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, ulikimbia ukiimba, mikono mitupu, ili walinzi wenye bunduki wakusikie kabla hawajakuona. Mtu mweusi aliyekimbia kimya ukingoni mwa msitu alikuwa anajitafutia risasi.

Lakini ilikuwa raha, lazima niseme. Kuna mahali njia ilitoka kwenye mianzi na kushuka hadi kwenye uwanda wa nyasi, ukungu ukiwa umelala chini bado, nami nikaingia ndani yake mpaka kiunoni nisiione miguu yangu. Nilijua kila jiwe lilipo. Nilifurahi pale peke yangu kuliko nilivyowahi kufurahi katikati ya watu, na sijaona aibu kwa hilo mpaka leo.

Bwana wetu wa shamba alikuwa mtu wa uso mwekundu na kaptula ya kaki, mwenye mbwa wawili waliokula nyama kila siku ya Mungu. Siku moja kwenye klabu yao ya Molo, akiwa amekunywa na jirani yake, walibishana ni shamba la nani lina mtu mwenye mbio zaidi. Wakawekeana dau la kreti ya wiski. Watu wenye ardhi ambayo jicho haliimalizi, hawakuwa na la kufanya Jumamosi ila kushindanisha watu kama majogoo.

Mwaka huohuo bwana alikuwa ametoa amri ng'ombe wa maskwota wapunguzwe. Eti wanammalizia nyasi. Kila boma lilipangiwa idadi yake, na wa ziada wangepelekwa mnadani Nakuru kabla ya mavuno. Kwetu, kati ya wa ziada alikuwa mtamba mwekundu, na mtamba huyo alikuwa na kazi yake: nilikuwa nimechumbia. Wazee wetu walikuwa wameshaingia nyumbani kwa msichana na kupokewa, ng'ombe wa mahari wakatajwa, na huyo mwekundu alitajwa kwa rangi yake. Kwao msichana kulikuwa ng'ambo ya mlima, ukingoni mwa msitu, ambako amri ya bwana wetu haikufika. Lakini ng'ombe wa mahari hatupwi mlangoni kwa watu kama gunia la viazi. Ana siku yake, na siku hiyo ilikuwa baada ya mavuno.

Nyapara wetu, mtu aliyetembea ameinama hata mahali ambapo hapakuwa na mzungu, alikuja kunitafuta malishoni.

"Bwana anasema wewe ndio utakimbia," akaniambia. "Ukishinda, ile mtamba yenu nyekundu inabaki. Ukishindwa, inaenda Nakuru na zile zingine."

"Si aiache tu?"

"Sasa hiyo ni maswali gani? Wewe kimbia."

Tangu siku hiyo bwana akajifanya mwalimu wangu. Alinitaka kwenye barabara ya shamba, yeye nyuma na gari, akipiga honi kila nilipolegea. Alinimezesha mayai mabichi. Alinipa raba zake kuukuu za kuchezea tenisi, ambazo soli zake zilikuwa laini kama ulimi, na mimi nikashukuru kwa mikono miwili. Alipogeuka nilizitundika kwenye ua, na mbwa wake mmoja akazichukua. Sijui yule mtu alidhani nani alikuwa amewahi kupanda mlima ule, yeye au mimi.

Mpinzani wangu alikuwa dereva wa yule jirani, mtu aliyewahi kuwa askari, mwenye kifua kama pipa. Alikimbia na mabuti ya jeshi. Nilimwona akifanya mazoezi: visigino vilipiga ardhi kana kwamba anagombana nayo, na viwiko vilitoka nje kama vya mtu anayepita sokoni. Kwenye barabara alikuwa na mwendo, sikatai. Kwenye njia ya ng'ombe alikuwa mzigo. Nilimdharau kwa moyo mkunjufu, nikalala usingizi mzuri usiku wa kuamkia mashindano.

Tulianzia kwenye banda la kukaushia pareto. Bwana alifyatua bunduki hewani, kisha yeye na jirani yake wakaingia kwenye gari moja kuzunguka kwa barabara, wakatungojee klabuni na chupa zao. Walipoondoka hakukubaki wa kututazama, na hilo lilinifaa. Njia ilipanda ubavuni, ikakata mianzi, ikavuka mgongo wa mlima na kuteremka upande wa pili kando ya msitu, halafu mwishoni ikaingia barabara kubwa iliyokwenda moja kwa moja mpaka klabuni. Kabla hatujafika kwenye mianzi nilikuwa simsikii tena. Mara moja nilisikia kishindo na tusi la kijeshi, nikajua ameanguka. Nilicheka na kuendelea kuimba.

Nilikuwa nimeteremka karibu kuimaliza ile njia ya upande wa pili, mahali ilipobana kati ya kingo mbili zenye upupu mrefu, nilipomwona mwanamke akipanda kutoka chini, mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nilimtambua kwa leso yake ya kahawia na jinsi alivyokaza shingo. Alikuwa mama wa msichana wangu.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani njiani. Hawaongei wala hawatazamani. Mmoja hutoka njiani, humpa mwenzake mgongo, na kungoja mpaka apite. Hayo huanza siku wazee wanapopokewa, na wangu walikuwa wameshapokewa.

Ningeweza kupita. Ningemkwaruza kwa bega, ningefika klabuni kabla dereva hajaiona barabara, na mtamba angebaki. Angebaki nyumbani kwetu akiota pembe, kwa sababu nyumba ya kumpeleka nisingekuwa nayo tena. Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa kupumua, kisha nikapanda ukingo wa juu, nikaingia kwenye upupu na kaptula yangu, nikageuka na kuutazama msitu.

Upupu ulinishika kuanzia vifundoni mpaka mapajani. Nilisimama. Nilingojea hatua za mwanamke aliyebeba kuni, hatua za kuburuta kidogo, na sikusikia kitu. Niliwaza labda amepumzika. Sikuruhusiwa kugeuka nikaone. Nilisimama tu, miguu ikiwaka moto, nikiwatukana kimoyomoyo wazungu wawili, kreti ya wiski, nyapara, na mtu wa kwanza aliyeona kukimbia kuwa mchezo.

Mwishowe nikasikia hatua. Nikashukuru, nikadhani ni yeye. Lakini zilitoka juu, na zilikuwa nzito. Mabuti yalinipita nyuma ya mgongo, tope likanirukia shingoni, na pumzi za yule mtu zikaenda zikipungua kuelekea chini.

Hapo nikageuza kichwa. Mzigo wa kuni ulikuwa umetuliwa pembeni. Na ng'ambo ya njia, kwenye ukingo wa chini, mama wa watu alikuwa amesimama ndani ya upupu mpaka kiunoni, amenipa mgongo, leso ameivuta kufunika uso. Alikuwa ameniona wakati uleule nilipomwona. Alikuwa ametoka njiani ili mimi nipite, kwa sababu upande ule wote watu walijua mbio zile zilikuwa za nini. Tulikuwa tumesimama kila mtu kwenye upupu wake, njia katikati yetu tupu kama iliyofagiwa, nayo tukamwachia dereva.

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Lakini kilichobaki kilikuwa barabara, na barabara ni nchi ya mabuti. Nilifika nikiwa nyuma yake kidogo tu, karibu kumshika shati.

Bwana alikuwa amekuwa mwekundu kupita kawaida yake. "Wewe nafanya nini huko? Wewe nalala?"

Nikamwambia nimekutana na mama mkwe.

"Mama mkwe? Yeye nafunga njia?"

"Hapana, bwana. Alikuwa ametoka njiani."

"Na wewe?"

"Mimi pia nilikuwa nimetoka."

Alinitazama, akamtazama mwenzake, na wote wawili wakaanza kucheka mpaka wakashikana mabega. Nadhani walisimulia kisa hicho klabuni miaka yote mpaka walipouza mashamba na kwenda zao. Wacha wasimulie. Mtu anayecheka kitu kwa sababu hakukielewa hanipotezei usingizi.

Nyumbani baba aliitazama miguu yangu iliyovimba, akauliza swali moja. "Ulitoka njiani?"

"Nilitoka."

"Basi," akasema, akaenda kufungua ndama. Wiki hiyo lori lilikuja, na mtamba mwekundu alipanda ubao akiwa wa tatu.

Baada ya mavuno tulikwenda kwao msichana na ng'ombe waliosalia. Wazee waliingia ndani. Mimi nilibaki nje, nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, kila neno likinifikia. Mjomba wa msichana, mtu aliyependa sana sauti yake, aliuliza yuko wapi mwekundu. Baba akaeleza. Mjomba akasema alishasikia habari hizo, na kwamba haoni kwa nini hasara ya kijana aliyeshindwa na mtu wa mabuti iwe yao. Aliyetajwa kwa rangi aletwe kwa rangi, au tumwache binti yao. Hatukuwa na mwingine. Nilisikia wazee wetu wakianza kukusanya fimbo zao, nami nikajua jambo langu limekwisha.

Ndipo mama wa msichana akasema, kutoka upande wa ndani ambako wanawake walikuwa wamekaa. Sikuwahi kusikia sauti yake kabla ya siku hiyo.

"Huyo mwekundu alishafika," akasema. "Kijana alinilipa mimi njiani, nimesimama kwenye upupu. Ng'ombe wangu huyo. Mnataka kumlipisha mara ya pili?"

Mjomba alikohoa na kuomba pombe imiminwe. Mimi nilikuwa bado nje, nimeupa ule ukuta mgongo kama inavyopasa, ninalia.